Kisanduku cha Maelezo

Kwenye barua yangu ya ajira naitwa msimamizi wa viunganishi vya mifumo na ubadilishanaji wa data na wauzaji. Mama yangu alilijaribu jina hilo mara moja, akaliacha njiani, akawaambia wenzake wa kanisani kwamba binti yake anaunganisha. Jumapili iliyofuata nilikuta watu watatu wakinisubiri nje ya kanisa. Wa kwanza alitaka nimuunganishie stima, maana nguzo ilikuwa imesimama shambani kwake muda mrefu bila waya. Wa pili alikuwa na shida ya bomba la maji. Wa tatu, mama mmoja wa kwaya, alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana kijana wa miaka thelathini na minane, hanywi pombe, ana ng'ombe wawili, na kama naweza kumuunganisha na mtu mzuri atanishukuru.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Niko katika makao makuu ya maduka ya jumla na rejareja yenye matawi kwenye miji inayouzunguka mlima: Nyeri, Othaya, Karatina na kwingineko. Zamani tawi likiishiwa na maziwa, meneja aliandika kwenye karatasi, karatasi ikaja ofisini Nyeri, karani akampigia simu mwenye maziwa, naye mwenye maziwa akaandika kwenye karatasi yake. Kwa kupita kwenye mikono na masikio mengi hivyo, katoni kumi na mbili zilikuwa zikifika zikiwa ishirini, na maziwa lala, yale ya mtindi, yakafika yakiwa siagi. Siku hizi kompyuta yetu inatuma oda moja kwa moja kwenye kompyuta ya muuzaji, yake inajibu kwamba imepokea, na mzigo ukitoka kwake inatuletea orodha ya vilivyomo kabla lori halijafika. Mimi nakaa katikati. Nachora ramani: sehemu hii ya ujumbe wao iingie kwenye sehemu hii ya mfumo wetu. Ujumbe ukipita sawa, mstari wake unageuka kijani kwenye skrini yangu. Ukikwama unakuwa mwekundu, nami naacha chai.

Karani aliyekuwa akipiga zile simu alikuwa mzee mpole, na alistaafu tulipoanza mfumo huu. Siku yake ya mwisho aliniachia daftari la namba za wauzaji na onyo moja tu. Aliweka kidole kwenye namba ya mama mmoja mwenye kinu cha mchele Kagio.

"Huyu," akasema, "usimharakishe."

Nilimuahidi, na wiki mbili baadaye nikaenda Kagio kumharakisha.

Kinu chake kiko nyuma ya soko, na kila kitu ndani yake kimepakwa vumbi la pumba, hata kalenda ya ukutani. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja umefungwa plasta na kuwekwa juu ya gunia. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za stoo. Kabla ya kuanzisha kinu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, kwa hiyo alizungumza Kiswahili cha sokoni na kuandika Kiswahili cha ubaoni, chenye nukta na mkato kila mahali panapostahili. Hilo la pili sikulijua bado.

"Karani yenu alikuwa anapiga Jumatatu na Alhamisi," aliniambia. "Kwanza tunasalimiana. Halafu ananiuliza mguu. Halafu mimi namuuliza maharagwe yake. Halafu sasa ndio oda."

"Sasa oda itakuja yenyewe, mama. Hutahitaji kungoja simu."

"Na mguu nani ataniuliza?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Wauzaji wakubwa kama kampuni ya maziwa wana mifumo yao, na kompyuta zinaelewana zenyewe. Wadogo kama huyu mama tunawapa ukurasa wa kujaza kwenye kompyuta au simu, na ukurasa huo ndio unaogeuza walichojaza kuwa ujumbe ambao mfumo wetu unauelewa. Nilimfungulia ukurasa. Aliutazama kwa muda mrefu, akivuta miwani mbele na kuirudisha nyuma.

"Hii imeandikwa Kiingereza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilifundisha Kiingereza. Hii si Kiingereza. Hapa wanataka nini? Na hapa? Niandikie na Kiswahili, kila kitu vile kinaitwa, na mimi nitajaza bila shida."

Lilikuwa ombi la haki. Nilirudi Nyeri nikautafsiri ukurasa wote kabla ya chakula cha mchana, nikijisifu moyoni. Idadi, tarehe, namba ya oda, vyote vilikaa vizuri. Kisha nikafika kwenye kile kisanduku ambacho muuzaji huandika jina kamili la bidhaa, kama vile aina ya mchele na uzito wa pakiti. Kwa Kiingereza kinaitwa kwa neno ambalo kamusi inalifasiri kuwa "maelezo". Nikaandika Maelezo, nikaenda kula.

Upande wa ramani sikuhangaika. Nilichukua ramani ya kampuni ya maziwa, ambayo ilikuwa inafanya kazi bila dosari, nikainakili. Kwa kampuni ya maziwa, kilichomo kwenye kisanduku hicho kinakuwa jina la bidhaa kwetu. Na mfumo wetu una tabia moja niliyoipanga mimi mwenyewe: ukipokea jina jipya kutoka kwa muuzaji, unalibadilisha kila mahali, kwenye lebo za rafuni na kwenye risiti za wateja, bila kumsumbua mtu. Nilipigiwa makofi mkutanoni kwa jambo hilo. Lebo ya rafuni inabeba herufi ishirini na nne, tukihesabu na nafasi kati ya maneno. Zinazozidi hukatwa.

Mchele wa Kagio ulianza kuja kwa mfumo mpya, tukianza na tawi la Othaya, na kwa wiki saba sikuona mstari mwekundu hata mmoja. Huyu mama alijibu kila oda ndani ya saa moja. Hakuacha kisanduku kitupu. Kampuni ya maziwa yenyewe ilikuwa na siku zake za kukwama, lakini mchele wa Kagio ulikuwa kijani Jumatatu, kijani Alhamisi. Kwenye ripoti yangu kwa bosi nilimtaja kama mfano wa muuzaji mdogo aliyeuzoea mfumo haraka. Niliandika, na bado ninayo nakala, kwamba "mawasiliano baina yetu na kinu cha Kagio hayana kasoro yoyote".

Asubuhi moja ya wiki ya nane, meneja wa tawi la Othaya alinipigia. Ni mtu mwangalifu, huvaa sweta mbili chini ya koti la kazi na hasemi neno kabla ya kulipima.

"Madam," akasema, "huku kuna mtu wa afya. Ameambia sisi tutoe mchele ya Kagio kwa rafu."

"Kwa nini? Umeingia wadudu?"

"Hapana, wadudu hakuna. Ni vile lebo inasema."

"Lebo inasema nini?"

Alisogea karibu na rafu. Kisha akasoma kwa sauti ile inayotumika kutangaza msiba redioni: "Mchele huu haufai kuliwa."

Nilimwambia arudie. Akarudia vile vile.

"Nani ameandika hivyo?"

"Si ni nyinyi, madam? Lebo zinatoka kwenu."

Nilifika Othaya kabla ya saa tano. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na watu waliokuwa wakijikinga mlangoni mwa duka walikuwa wamegundua kwamba ndani kuna jambo, kwa hiyo walikuwa wamehamia ndani. Pakiti za mchele zilikuwa zimeondolewa zikarundikwa kwenye toroli, na kando ya toroli alisimama afisa wa afya, mwanamume mwembamba mwenye koti zito na adabu nyingi. Mkononi alikuwa na fomu. Mteja mmoja alikuwa amepiga picha ya lebo akamtumia.

"Mimi nimefanya hii kazi muda," aliniambia baada ya kunisalimia. "Nimekuta watu wanauza kitu mbaya na wanasema ni nzuri. Hii ndio mara ya kwanza nimekuta muuzaji mwenyewe ameandika ni mbaya na ameweka kwa rafu."

Niliitazama lebo. Ilikuwa imechapwa vizuri, kwa herufi kubwa, na chini yake msimbo wa mistari umekaa sawasawa. Nilihesabu herufi kwa kidole. Ishirini na nne. Hapo nikaanza kushuku.

"Hii lebo ilikuwa inasema nini kabla ya leo?" nilimuuliza meneja.

Meneja alimtazama mama anayepanga rafu za nafaka. Mama huyo aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi akatoa kifurushi cha lebo kilichofungwa kwa mpira. Kila mzigo mpya ulipokuja, lebo mpya ilichapwa, naye hakuwa na moyo wa kuzitupa za zamani.

"Mimi nilifikiria ni matangazo," akasema. "Nikasema hawa watu wa Nyeri sasa wamejua kuongea na wateja."

Akazipanga moja moja juu ya toroli, mbele ya afisa wa afya, mbele ya meneja, na mbele ya watu wote waliokuwa wakikwepa mvua. Nne nazikumbuka hadi leo. Ya kwanza ilisema: HABARI ZA HUKO. SISI HUK. Ya pili: ASANTENI KWA ODA. MUNGU. Ya tatu: NIMEPOKEA. MGUU UNAENDEL.

"Hiyo ya mguu ilisumbua watu sana," mama wa rafu akaendelea. "Kuna mteja mmoja anakuja kila Ijumaa kuuliza kama mguu imepona. Hata hanunui mchele. Anasoma tu na anaenda."

Ya nne ilikuwa imekamilika, haikukatwa hata herufi: USIWEKE KARIBU NA SABUNI.

"Hii ndio ilinisaidia," akasema. "Mchele ilikuwa inakaa hapa na sabuni ya kufua iko hapa. Niliposoma hivyo nikahamisha nikapeleka karibu na maharagwe. Watu walikuwa wanarudisha, ati wali inanuka sabuni. Siku hizi hakuna mtu anarudisha."

Meneja alikohoa. Ilionekana hakuwa amewahi kuambiwa habari za sabuni wala za wali unaonuka.

Nilimpigia simu mama wa Kagio, nikaweka sauti ya nje kwa sababu afisa aliomba asikie.

"Mama, ni wewe uliandika kwamba mchele haufai kuliwa?"

"Ndio, ni mimi," akasema bila wasiwasi wowote.

Minong'ono ilipita kati ya watu. Afisa akafungua kalamu.

"Si umesoma yote?" mama akauliza kwenye simu.

"Nimesoma mpaka hapo, mama."

"Basi soma mbele."

"Hakuna mbele."

Nilisikia kinu kikizunguka nyuma yake, kisha nikamsikia akimwambia mtu akizime.

"Mimi niliandika mistari tatu," akasema.

Nilifungua kompyuta yangu juu ya mizani ya mboga, kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine, nikautafuta ujumbe wenyewe kama ulivyotoka kwake kabla ya mfumo wetu kuukata. Ulikuwepo, na nukta zake na mikato yake. Niliusoma kwa sauti: "Mchele huu haufai kuliwa siku ile ile uliyotoka kinuni, kwa sababu ungali mbichi na utashikana. Tafadhali uwekeni stoo siku mbili, ndipo muupeleke rafuni. Naona hamjibu, lakini natumaini mnasoma."

Mimi nilitazama vifungo vya kompyuta.

Afisa aliomba ausome mwenyewe. Aliusoma mara mbili. "Kwa hivyo inafaa," akasema.

"Unafaa."

"Lakini imeandikwa haifai."

"Imekatwa."

"Naelewa imekatwa. Lakini mimi hapa niko na fomu." Akanionyesha. Ilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha Unafaa na kingine cha Haufai, na yeye alikuwa ameshatia alama kwenye cha pili. "Nikifuta hii, nahitaji sababu. Siwezi kuandika sababu ni kompyuta ilikata maneno. Huyo aliyesema haifai, aje aseme inafaa."

Kutoka kwenye simu sauti ikasema, "Nakuja."

Toka Kagio hadi Othaya si karibu, na nilitumaini atakapofika umati utakuwa umetawanyika. Badala yake uliongezeka. Mvua ilikuwa imezidi, na duka lina joto. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alinijia akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama kuku wameruhusiwa kuula. Nilimwambia hata watu wameruhusiwa, ni maneno tu yamekatwa. Akasema yeye angependelea kuanza na kuku.

Mama aliwasili baada ya saa saba, kwa pikapu ya kinu, akiendeshwa na mumewe. Mume hakushuka. Alituma salamu kupitia dirishani, akafungua gazeti. Mama alishuka polepole akiegemea fimbo, plasta ikiwa imeshatolewa, na nyuma yake zikashushwa sufuria mbili na mifuko miwili ya mchele. Aliingia dukani akaanza kusalimia watu mmoja mmoja, kuanzia mlangoni. Mama wa rafu alimtazama miguu.

"Ni wewe wa mguu," akasema.

"Umejua aje?"

"Tulisoma."

Nilimuona mama wa Kagio akifurahi kwa namna ambayo sikuistahili. Alidhani, kwa dakika ile moja, kwamba ujumbe wake ulikuwa umesomwa na watu uliowalenga.

Kisha akamfikia afisa wa afya. Hakumpa nafasi ya kuanza. "Wewe unataka niseme mchele yangu inafaa," akamwambia. "Siwezi sema hivyo tu. Iko inafaa na iko haifai. Tuonyeshwe jikoni."

Tawi lile lina jiko dogo nyuma, wanakopikia chai ya wafanyakazi. Tuliingia wanne: yeye, mimi, afisa, na meneja aliyekuja kulinda gesi yake. Mama aliosha mchele wa mfuko wa kwanza, uliokobolewa asubuhi ile ile, akautia kwenye sufuria moja. Akaosha wa mfuko wa pili, uliokuwa umepumzika stoo tangu juzi, akautia kwenye nyingine. Maji alipima kwa kikombe kimoja, mbele ya afisa, akimwambia ahesabu. Afisa alihesabu kwa sauti.

Tulipokuwa tukingoja, mama aliniambia bila kunitazama, "Nilikuwa naandika kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mara ya kwanza niliuliza habari. Hamkujibu. Mara ya pili nikasema asante. Hamkujibu. Nikasema labda ni watu wa haraka, si kama yule mzee. Nikaanza kuandika ile ya maana pekee, ya sabuni na ya siku mbili."

"Uliandika sabuni kwa nini?" meneja akauliza.

"Bwana yangu alipita hapa kununua sukari, akaona, akaniambia. Nikanyamaza, kwa sababu nilijua nitaandika."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia hakuna mtu aliyekuwa anasoma. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inasoma.

"Na kompyuta ilisema nini?"

"Ilisema kijani."

"Kijani," akarudia, kama mwalimu anayerudia jibu la mwanafunzi ili darasa zima lisikie lilivyo.

Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimewahi kukosea mambo makubwa zaidi. Niliwahi kuelekeza oda ya mikate ya Karatina kwa mtu anayetuuzia misumari, naye akajibu kwamba ameipokea na atajitahidi. Lakini sijawahi kuona haya kama niliyoyaona pale kando ya jiko la gesi, nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda. Huyu mama hakukosea chochote. Niliweka kisanduku mbele yake kikasema Maelezo, naye akaeleza.

Sufuria zilifunuliwa. Wali wa kwanza ulikuwa umeshikana kama ugali uliokosa uamuzi. Mwiko ulisimama wenyewe katikati. Wa pili ulikuwa umeachana punje kwa punje, na harufu yake ilitoka jikoni ikaenda dukani, nasi tukasikia mazungumzo ya huko yakipungua. Mama alipakua sahani mbili akampa afisa zote mbili.

Afisa alionja wa kwanza. Akafikiri. Akaonja wa pili. Akafikiri kwa muda mrefu zaidi, akauonja tena, kisha akaendelea kufikiri mpaka sahani ikaisha.

"Huu wa kwanza haina sumu," akasema hatimaye.

"Haina. Haina adabu tu," mama akajibu.

Afisa alifuta alama ya Haufai, akatia Unafaa, na pale pa sababu akaandika mpaka mistari ikaisha. Akageuza karatasi akaendelea nyuma. Nilichungulia. Alikuwa ameandika kuhusu siku mbili, stoo kavu, vikombe vya maji, na umbali unaofaa kati ya mchele na sabuni. Aliikunja fomu kwa uangalifu, akaomba sahani ya tatu, ya kuhakikisha.

Mchele ulirudishwa rafuni jioni hiyo hiyo, na kabla sijaondoka nusu ya toroli ilikuwa imenunuliwa na wale wale waliokuja kukwepa mvua. Mzee wa kofia ya sufu alichukua pakiti mbili. Hakusema za nani.

Nilirudi Nyeri nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Bosi wangu alianza biashara na kibanda kimoja cha nafaka, na huwa hapendi kuelezwa mambo ya kompyuta kwa zaidi ya dakika tano. Nilimweleza kwa dakika ishirini. Nilimweleza neno nililolichagua, ramani niliyoinakili, na ripoti niliyomwandikia kuhusu mawasiliano yasiyo na kasoro. Alisikiliza akizungusha kalamu.

"Kosa ni la mashine au la mtu?" akauliza.

"La mtu. Ni langu."

Akaweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Na hiyo ya sabuni ni kweli?"

"Ni kweli. Othaya walihamisha na malalamiko yakaisha."

"Matawi mengine mchele unakaa wapi?"

Tulitazamana. Mpangilio wa rafu ni mmoja kwenye matawi yote. Aliinua simu akaanza kuwapigia mameneja mmoja baada ya mwingine, nami nikatoka polepole, nikaona afadhali nisimkumbushe kwamba alikuwa hajamaliza na mimi.

Marekebisho yalichukua saa chache. Jina la bidhaa sasa linaandikwa na sisi na limefungwa; muuzaji haligusi. Chini yake niliweka kisanduku kingine, nikakiita Ujumbe kwa Duka, na kilichoandikwa humo hakiendi kwenye lebo wala kwenye risiti. Kinakuja kwangu, kama kilivyo, chote. Asubuhi ya kwanza nilikuta ujumbe mmoja tu, kutoka Kagio: "Nimepokea. Je, ni wewe unayesoma?" Nikajibu kwamba ni mimi. Baada ya dakika mbili ukaja mwingine, ukiuliza nimeamkaje.

Tangu hapo Jumatatu na Alhamisi naanza kazi dakika kumi mapema. Naye mama wa rafu wa Othaya, kwa kuwa wateja walikuwa wakiulizia, alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono, "Mguu umepona, asanteni," ikakaa pale mpaka meneja alipoitoa kwa kusema si bidhaa.

Ambacho sikukitazamia ni wauzaji wengine. Mtu wa mayai wa Karatina, ambaye kwa miezi alikuwa amejaza namba tupu bila neno, aliandika: "Nimeona kuna mahali pa kuongea." Kisha akaongea. Kumbe trei zake zilikuwa zinapangwa kinyume kwenye stoo yetu ya Nyeri tangu mwanzo. Mwenye kabichi alitueleza kwamba lori letu linamfikia saa ambayo wavunaji wake wako kwenye chai. Nilianza kujibu jumbe moja au mbili kwa siku, na sasa inachukua nusu ya asubuhi yangu. Kwenye ripoti sijui niiweke wapi kazi hiyo, kwa sababu haina rangi.

Mwaka jana nilikwenda likizo, na aliyenishikia nafasi, mtaalamu makini kuliko mimi, alikifunga kile kisanduku. Alikuwa amechunguza akaona hakiungani na mfumo wowote. Siku ya tatu, mama wa Kagio alipanda ngazi za ofisi yetu mpaka juu, akamkuta mezani pangu. Alimpa karatasi iliyokunjwa mara mbili, yenye oda upande mmoja na maelezo upande mwingine. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yake, akangoja ajibiwe.